Mama Mbiu na Foleni ya Saa Kumi

Huyu mama ninayetaka kuwasimulia alikuwa na sauti isiyoomba ruhusa, jamani. Ilipita dirishani, ikapita kwenye pazia, ikapita chini ya mlango, ikakukuta umelala na kukuuliza mbona umelala. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwenye nyumba ya kupanga hapa Geita mjini, mtaa wa mteremko nyuma ya soko, na kwa miaka yote niliyokaa hapo sikuwahi kununua saa ya ukutani. Ya nini, na Mama Mbiu yupo?

Kazi yake ilikuwa mpiga mbiu wa mtaa. Msiba, mkutano, chanjo, maji yatakatika, mbuzi wa fulani kapotea, yote yalipita kinywani mwake kwanza ndipo yakawa ya kweli. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Mama Mbiu, hata mtendaji wa mtaa, na sina hakika kama mtendaji alilijua jina lake lingine. Kwao ni wapi, aliolewa na nani, mambo ya ukoo, hayo waulizeni wenye muda. Mimi nawaletea mtu mwenyewe, tena mzima mzima, na kelele zake.

Ofisi ya mtaa iliwahi kumpa kipaza sauti cha betri. Alikijaribu siku moja, akasema kinamsemea kama mtu mwenye mafua, akakipeleka jikoni akawa anawekea vitunguu. Akarudi kwenye chombo chake mwenyewe: dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa kitako, akapitisha sauti kwenye shingo yake. Kila tangazo lilikuwa na mwendo wake. Msiba aliutangaza taratibu, kwa sauti nzito, anasimama kila kona. Chanjo aliitangaza mbio mbio. Mbuzi aliyepotea alimtangaza kwa hasira, kana kwamba mbuzi mwenyewe anasikia na anajua alichofanya. Na uchaguzi? Eh, uchaguzi aliuimba.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Mtaa wetu una watu jamani, nyumba zimebanana mpaka jirani akikaanga vitunguu mimi ndiye ninayelia. Lakini siku ya kura, ukienda kule juu kwenye shule ya msingi ambako ndiko kituo kilipo, unakuta foleni imekaa mguu upande, watu wachache wanapiga miayo na makarani wanachezea kalamu. Watu wote wale wameenda wapi? Mama Mbiu alikuwa hawezi kulala kwa jambo hilo. Alinijia barazani siku moja, wakati huo mtaa wetu ulikuwa umetoka kupata bomba moja tu la maji, nalo likawekwa kichochoro cha juu kabisa, kwa sababu wa kichochoro kile ndio waliojitokeza kuchagua mwenyekiti, basi mwenyekiti akatoka kwao.

"Mama Kulwa," akaniambia, maana mimi nina mapacha wangu Kulwa na Doto, "hivi wewe ndoo unaibeba kutoka wapi?"

"Si juu kule, mama."

"Na kura ulipiga?"

"Nilikuwa na gauni la kumaliza."

"Basi beba ndoo, mwanangu. Beba na gauni."

Akaondoka zake. Nilikasirika siku nzima, nikashona zipu ya nyuma upande wa mbele. Lakini uchaguzi uliofuata nilikuwa pale shuleni kabla karani hajafungua kalamu yake.

Alikuwa amewasoma watu wa mteremko ule kwa namna ya ajabu. Wanawake wa sokoni wanapiga kura alfajiri au hawapigi kabisa, maana nyanya hazisubiri. Wanaume wanakuja baada ya wake zao kurudi na wino kidoleni na kuwacheka. Vijana wanakuja kukiwa na wasichana kwenye foleni, na wasichana wanakuja kukiwa na kivuli. Wapangaji ndio wagumu, kwa sababu mpangaji wa Geita, hata akizaa na kuzeeka katika chumba kile kile, bado anajiona yuko safarini, kwao ni Bukombe, kwao ni Tinde, kura atapiga siku akirudi. "Mtu hakatai kura," alikuwa akisema, "mtu anakataa foleni. Mwondolee woga wa foleni, atakwenda." Na kweli, alikuwa akipita na kusema foleni ni fupi hata pale ilipozunguka uwanja, na akiulizwa baadaye anasema yeye aliiangalia kwa mbele.

Asubuhi ya kura alikuwa akitazama kamba za nguo. Ukiwa umeanika kitenge kizuri, anajua leo hutoki, anaanza kugonga mlango wako. Ukiwa umekivaa, anakupita na kukusalimia kwa adabu. Mimi mwenyewe nilijifunza kuficha vitenge ndani nipate kulala kidogo. Haikusaidia. Aligonga vile vile, akasema ameona kamba tupu akajua naficha.

Nani ashinde, hilo halikumhusu. Hapa sitanii. Ukianza habari za chama kwenye foleni ya maji, anagonga ndoo yake chini mpaka maji yanaruka, unanyamaza. Kampeni zikianza, mgombea yeyote akija kumwomba atangaze mkutano wake, anatangaza, na akija mpinzani wake jioni ile ile anamtangaza pia, kwa mbwembwe zile zile, "Msikose, mtajuta!" Watu wakamuuliza, "Mama, wewe uko upande gani?" Akasema, "Upande wa kusikika."

Ndiyo hayo yaliyomponza siku moja. Wagombea wawili walimpa matangazo yao, yeye kwa kushangilia akawatangaza wote uwanja mmoja, saa ile ile. Mungu wangu! Huku ngoma zimeingia, na huku spika zimefungwa, wapambe wanatazamana kama majogoo. Sisi tulishaanza kukusanya watoto wetu. Mama Mbiu akapanda juu ya meza ya mmoja wao, akanyanyua dumu lake, akasema kosa ni lake, na kwa kuwa watu wamejaa hivi na hawajawahi kujaa, basi huyu aseme kidogo, akivuta pumzi yule aseme, na atakayezomea atamkuta yeye. Wakasema kwa zamu mpaka jua likashuka. Nawaambieni sijawahi kucheka namna ile, maana ilibidi kila mmoja amsikilize mwenzake, na sura zao zilikuwa za watu waliolazimishwa kunywa dawa. Uwanja ulijaa pomoni. Yeye ukimuuliza habari za siku ile, alichokumbuka ni kujaa tu.

Halafu kulikuwa na safari ya Nyarugusu. Vijana wengi wa mtaa wetu ni wachimbaji. Wamejiandikisha hapa, lakini ikisikika rashi mahali, dhahabu imeonekana, unakuta chumba kimebaki na kufuli na jozi ya kandambili. Uchaguzi mmoja Mama Mbiu alipanda bodaboda siku moja kabla, na dumu lake, akaenda kuwafuata huko huko machimboni. Akasimama kwenye mdomo wa duara, lile shimo lao refu la kushukia kwa kamba, akaita jina la kijana mmoja wa nyumba yetu. Sasa fikirieni wewe uko chini ya ardhi, giza, na unasikia ile sauti inayotangazaga misiba ya mtaani kwenu inakuita kwa jina. Kijana alipanda juu akilia. Wenzake wakapanda nyuma yake, wengine wamevua kofia, wengine wanaulizana ni baba au ni mama. Karasha, zile mashine za kusaga mawe, zikazimwa, na hata mama ntilie akaacha sufuria.

"Mama, nani kafariki?"

"Hakuna," akasema Mama Mbiu. "Kesho kuna kura."

Walitaka kumpiga. Wallahi walitaka. Yule kijana aliyelia ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, wakacheka wote, na asubuhi yake lori likawashusha shuleni wakiwa weupe kwa vumbi la karasha, karani hakuweza kulinganisha sura na kadi mpaka walipoletewa maji wakanawa.

Msidhani alikuwa mtu wa kelele tu. Ndani ya chumba chake alisema kwa kunong'ona, mpaka ukawa unamwambia, "Mama, sema basi nikusikie." Alisali rozari kimya. Chai alikunywa kimya. Ukimtembelea anakukaribisha kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini, akasema sauti ni mali ya mtaa, hapa ndani anaipumzisha. Na mtu huyu huyu aliyewahimiza watu wawahi, yeye mwenyewe hakuwahi kuwahi popote. Kwenye harusi alifika watu wakifagia. Misa aliingia padri akitoa baraka.

Na sasa niwaambie jambo lililotuudhi sote. Mama Mbiu hakuwahi kupiga kura. Hata mara moja! Kadi alikuwa nayo, imeng'aa kama ilitoka jana, na kila siku ya uchaguzi aliifunga kwenye pindo la khanga tangu asubuhi. Lakini alikuwa hawezi kuacha mtu nyuma. Anashuka mteremko mara ya kwanza, ya pili, anasikia mgonjwa fulani anataka kubebwa, anatafuta baiskeli, anasikia fulani kaamka, anamrudia. Na sheria ya kituo mnaijua: ikifika saa kumi jioni askari anakwenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Waliomtangulia askari watapiga kura hata giza liingie, atakayekuja nyuma yake arudi nyumbani. Kila uchaguzi Mama Mbiu alifika akihema, anasukuma mtu mbele yake, na kumkuta askari kashasimama. Anacheka, anasema, "Haya, nyie si mmepiga? Inatosha."

Aliyegundua ni mwenye bucha. Bucha yake inatazamana na baraza langu, mtu mnene, mbishi, ana sauti nyembamba kuliko mwili wake. Yeye hakuwahi kupiga kura kwa kusudi, na Mama Mbiu alikuwa akisimama mbele ya nyama yake kila uchaguzi kumsema. Siku moja wakati watoto wanalinganisha vidole vyenye wino vya wazazi wao, akatoka na kisu mkononi.

"Mama Mbiu, hebu na wewe onyesha kidole."

Akakificha kwenye khanga.

"Onyesha!"

Akaonyesha. Kidole cheupe, kisafi. Mwenye bucha akacheka mpaka tumbo likagonga meza. Akasema mbele yetu wote, "Basi sikiliza, mama. Siku utakayopiga wewe, ndiyo siku nitakayopiga mimi." Tangu siku hiyo kila akienda kumhimiza, anajibiwa hivyo hivyo, na yeye anageuka kwenda mlango mwingine. Nililiona lile jambo linamuuma. Alisema siku moja, akiwa kwangu nampunguzia gauni, "Mama Kulwa, natamani na mimi nijue mle ndani kukoje." Nikamwambia mama, siku hiyo anza wewe, sisi tutakuja wenyewe. Akanitazama kama nimemwambia aibe.

Sasa juzi juzi diwani wetu akapata kazi nyingine akaachia kiti, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Uchaguzi mdogo nao mnaujua, ndio watu wanaousinzia kupita yote. Na wakati ule ule binti yake aliyeolewa Ushirombo akaja kusema mama amechoka, magoti yanavimba, atamchukua akaishi naye, na tiketi alishamkatia, ya kesho yake baada ya kura. Mtaa mzima ukajua. Ikiwa Mama Mbiu hatapiga kura safari hii, basi mtaa aliouita miaka yote ataondoka hajaupigia hata moja.

Tulimwekea kikao, wanawake wa kwetu. Tukamwambia asubuhi kwanza wewe, ndipo uite. Akakubali. Akaapa! Asubuhi nikamkuta yuko kwenye foleni kweli, kadi mkononi, dumu begani, nikafurahi nikapiga kigelegele. Ilibaki kidogo aingie. Mara anapita mama mmoja anasema kule chini kwenye korongo hakuna aliyeamka, wanasema hawakusikia tangazo. Hawakusikia tangazo! Mngemwona uso. Akatoka foleni, akaniambia, "Nishikie nafasi, nakuja," akashuka. Mimi nilimshikia nafasi mpaka msimamizi akaniambia mama, ama ingia ama pisha.

Kufika mchana sikuamini macho yangu. Mwenye bucha huyo, amevaa shati la kwendea kanisani, yuko mwisho wa foleni.

"Umekuja kupiga?"

"Nimekuja kumwona mama akipiga," akasema, hana raha. "Anaondoka kesho. Nisije nikaambiwa ni mimi nilimzuia."

Kila aliyekuja alimpisha apite mbele, yeye akabaki wa mwisho, akifuta jasho. Foleni ikawa inapungua. Askari akatazama saa, akatazama mlima, akatazama saa. Chini kule tuliisikia ile sauti, mbali, bado inagonga mlango wa mtu. Tulimwita. Tulipiga vigelegele. Hakuna kilichofika, maana anayepiga kelele hasikii za wenzake. Simu yake ilikuwa inaita mfukoni mwangu, alikuwa amenipa nimchajie.

Askari akaanza kutembea kuja mwisho wa foleni. Pole pole, viatu vyake vinasikika kwenye changarawe. Mwenye bucha akamtazama anavyokuja. Kisha, jamani, sijui nini kilimwingia yule mtu. Akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano.

Kwa asiyekuwa wa huku: mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu anauawa, unapigwa mwano, na ukiusikia unaacha tonge mkononi unatoka na fimbo kukimbilia unakotoka. Hakuna kuuliza. Usipotoka, wazee wa sungusungu watakuuliza ulikuwa wapi. Na kuupiga bure ni kosa kubwa, hata watoto hawauchezei. Sasa ile sauti nyembamba ya mwenye bucha, ambayo tuliicheka miaka yote, ikapanda juu ya mabati ikakata mteremko mzima mpaka korongoni.

Mara milango ikaanza kupigwa. Wametoka! Wametoka kila kichochoro, wenye fimbo, wenye mapanga, mmoja na sepetu, mwingine kajifunga taulo ana povu la sabuni masikioni. Wale waliosema wanaumwa walikimbia kuliko wote. Wanaume waliokuwa "wamesafiri" walitoka kwenye vyumba vya watu, mengine tuyaache. Kijiji kizima cha watu tusiowaona kwenye kura tangu tuhamie kilipanda kile kilima, na katikati yao, khanga imefungwa kiunoni, mchi wa kinu wa mtu mkononi na dumu linarukaruka mgongoni, yuko Mama Mbiu, magoti yake yale mabovu yanakula mlima.

"Wapi? Nani? Nani kauawa?"

Sote, foleni nzima, tukanyoosha kidole kwenye nafasi tupu nyuma ya mwenye bucha. Hakuelewa. Mwenye bucha akamshika mabega akamsimamisha pale. Askari, ambaye mwano ulikuwa umemsimamisha njiani, akafika, na watu bado wanamiminika kuingia nyuma ya Mama Mbiu na fimbo zao. Msimamizi wa kituo ametoka mlangoni, kashika karatasi kifuani.

"Kuna nini hapa?" askari akauliza. "Nani amepiga mwano?"

"Mimi," akasema mwenye bucha.

"Hatari gani?"

"Kuna mtu alikuwa anachelewa, afande."

Afande alikuwa Msukuma. Nilimwona anauma mdomo asicheke, mabega yanamsaliti. Akatazama saa yake muda mrefu kidogo. Akasema, "Fimbo na panga zote kule getini. Mwenye kadi aingie foleni sasa hivi. Asiye na kadi, nyumbani." Akasubiri waliopanda nao wajipange, kisha saa ikatimia akaenda kusimama nyuma ya yule mwenye povu la sabuni. Foleni ilizunguka uwanja. Kweli ilizunguka, siyo ile ya kuangaliwa kwa mbele.

Mama Mbiu alikuwa bado ameshika mchi. Alipoelewa, alimgeukia mwenye bucha, tukajua sasa anamsema mpaka kesho. Wapi! Machozi yakamshuka. Akaingia mle ndani, akakaa, akakaa jamani, msimamizi akaanza kuchungulia. Alipotoka kidole kilikuwa kimeloa wino mpaka kwenye kiungo. Akakinyanyua juu. Mwenye bucha naye akaingia, akatoka na chake, wakasimama wawili wanaonyeshana vidole mbele ya uwanja ule, na kelele tulizopiga siku ile mimi sijazisikia hata timu ikishinda.

Wazee wa sungusungu walimhukumu mwenye bucha jioni ile ile. Mwano wa uongo, alishe watu. Akaleta supu ya utumbo. Wazee wakaonja wakasema kosa lake siyo la utumbo, ni la nyama. Akachinja. Tukala huku tunacheza, na asubuhi Mama Mbiu akapanda gari la Ushirombo na mifuko yake.

Yeye hakuyaona matokeo. Yalibandikwa ukutani kwenye kituo, tukaenda kusoma. Wale wawili wakubwa waligawana watu. Chini kabisa alikuwepo mgombea mmoja mpole, muuza miche ya matunda, ambaye mkutano wake ulihudhuriwa na mbuzi kuliko watu, na kituoni kwetu alipata kura moja. Moja! Mwenye bucha alimcheka wiki nzima, "Nani huyu kichaa wa mtaa wetu?" Basi yule bwana siku iliyofuata akaja mwenyewe, na mche wa mpapai mkononi, anatafuta aliyempa kura ile amshukuru. Watu watatu wakadai ni wao, wanautaka mche. Akaenda nao bado mkononi.

Sasa mwezi uliopita nilipeleka magauni ya harusi Ushirombo, nikaulizia, nikamkuta. Amekaa kwenye kigoda uani kwa binti yake, anachambua mchele, kanenepa kidogo. Huko ni bibi tu wa watoto. Binti yake akaniambia mama ni mkimya kweli, nikacheka mpaka nikamwaga chai.

"Shikamoo Mama Mbiu."

"Marahaba, Mama Kulwa. Sema polepole, hapa hawanijui."

Tulinong'ona habari zote. Mwishoni nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mama, mtaa mzima unataka kujua, miaka yote hukuwa na upande, siku ile ulimpa nani?

Akaacha ungo. "Ningejua kwamba kuna kuchagua, ningefikiria mapema," akasema. "Mimi nilikuwa nawaza nyinyi mfike tu. Nimeingia mle naona majina, naona picha, kichwa tupu kabisa. Huyu ana watu wake, yule ana watu wake. Nikaangalia yule wa chini kabisa, nikasema huyu maskini nani atamrudia? Nikampa."

Nilipiga makofi nikaruka. "Ni wewe! Mama, ni wewe!" Nikamsimulia kila kitu, kura moja ukutani, kicheko cha mwenye bucha, mche wa mpapai, wale watatu waongo. Alisikiliza mdomo wazi, mkono shavuni.

"Alikuja mwenyewe? Kwa kura moja?"

"Kwa miguu, mama. Juani."

"Akagonga milango yote?"

"Yote. Hadi ya wanaolala mchana."

Mama Mbiu akakaa wima kwenye kigoda. Akavuta pumzi, akapanua kifua, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kule akaifungulia ile sauti, kuku wakatawanyika, binti yake akatoka jikoni na mwiko, na majirani wa Ushirombo wakachungulia juu ya ua:

"Basi nilichagua vizuri!"